Je, Santuri Hii Ifukuzwe Shuleni?



Naomba nafasi katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu, nitoe neno juu ya jambo lililosemwa sana mabwenini na jikoni tangu katikati ya muhula huu. Sisemi kwa niaba ya viranja, wala kwa niaba ya kidato cha sita. Nasema mimi mwenyewe, nami niko tayari kujibiwa katika gazeti lijalo.

Kwa faida ya ndugu zetu waliokwisha maliza masomo, ambao nasikia hulisoma gazeti hili wakiwa Mombasa, Kampala na hata ng'ambo, habari yenyewe ni hii. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tano alikutwa na flashi. Ndani ya flashi mlikuwa na santuri nzima ya bendi ya Norwei iitwayo Emperor, santuri yao ya pili, iliyotoka 1997. Mwalimu wa zamu aliisikiliza kwa dakika tatu, akaona inatosha. Siku ya pili flashi ile ilitupwa katika moto wa jiko mbele ya gwaride zima, na mwenzetu akapewa barua ya kurudi nyumbani Busia kwa wiki mbili. Sababu iliyoandikwa katika barua ilikuwa moja tu: muziki wa kishetani.

Mimi ni Mkatoliki, tena mtumishi wa misa tangu nilipokuwa darasa la tano. Sina haja ya kumtetea Shetani. Ana watu wengi wa kumtetea. Lakini naona jambo hili limehukumiwa upesi mno, na hukumu ya upesi katika shule ya misioni ni mbaya kuliko mahali pengine, maana sisi ndio tunaofundishwa kupima mambo kabla ya kusema.

Kwanza nitasema yale ambayo wanaoipinga santuri hiyo wangeyasema kama wangetaka kuitafuta habari yake, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko wao wenyewe wanavyojua. Muziki huu unaitwa blakimeto. Jina lenyewe lilitoka kwa Waingereza, bendi ya Venom, ambao mwaka 1982 waliipa santuri yao ya pili jina la Black Metal. Wale wa Venom walikuwa wakifanya mzaha kwa kiasi kikubwa, kama watu wa michezo ya kuigiza. Lakini vijana wa Norwei waliokuja baada yao hawakufanya mzaha. Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na mji wa Bergen, liliteketezwa, na makanisa mengine yakafuata. Katika bendi hiyohiyo ya Emperor, mpiga ngoma wa santuri ya kwanza alifungwa kwa kumwua mtu mjini Lillehammer mwaka 1992, na mpiga gitaa alifungwa kwa kushiriki katika kuchoma kanisa. Haya si uvumi wa bwenini. Yalithibitishwa mahakamani.

Basi anayesema kwamba wenye muziki huu walichoma nyumba za Mungu amesema kweli. Na mtu akiniuliza kama waliofanya hivyo ni mashujaa, nitamjibu kwamba ni wahalifu, na kwamba kuna wapumbavu mpaka leo huko Ulaya wanaowasifu kwa sababu ya moto ule na si kwa sababu ya muziki wao.

Lakini hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Tunazungumza juu ya santuri gani? Si ile ya kwanza. Santuri ya kwanza ilipigwa mwaka 1993 na kutolewa 1994, na mwimbaji wao, kijana aitwaye Ihsahn, alikuwa na umri wa miaka 17 wakati wa kuipiga. Yaani ni mdogo kuliko mimi kwa miaka miwili. Ya pili ilikuja 1997, baada ya mahakama na baada ya gereza. Wenzao mmoja alikuwa bado amefungwa, na mpiga ngoma mpya ameshika nafasi yake. Mtu aliyekuwa na hasira na kelele peke yake angekuwa ameishiwa kufikia hapo. Nimeona kwa macho yangu katika mashindano ya kwaya: wimbo wa kwanza mtu huuimba kwa nguvu alizozaliwa nazo, na wimbo wa pili ndio unaoonyesha kama alijifunza.

Nimeisikia santuri hiyo yote kwa mpango, si kwa dakika tatu. Ina nyimbo 8. Wa kwanza unaanza polepole, kwa kinanda na upepo, kama msafara unaokaribia kwa mbali. Kisha ngoma zinaingia kwa kasi ambayo mara ya kwanza sikuweza kuihesabu. Mpigaji anatumia miguu yote miwili na mikono yote miwili, na gitaa hupigwa juu na chini bila kupumzika, hata nyuzi zinatoa sauti kama ya nyuki wengi mzingani. Juu ya hayo yote kinanda kinafanya kazi ya fidla na tarumbeta za okestra kubwa, ndiyo maana muziki wa namna hii huitwa wa simfoni. Mwimbaji anapiga mayowe, kisha ghafla anaimba kwa sauti safi, ya chini, kama padre anavyoimba utangulizi wa misa. Na wimbo wa mwisho hauna maneno hata moja. Baada ya kelele zote zile wanaondoka bila kusema kitu.

Santuri zote mbili zilipigwa katika Grieghallen, jumba la muziki la Bergen lililopewa jina la Edvard Grieg, ambamo okestra ya mji ule hupiga Beethoven. Mwalimu wetu wa muziki alituchezea Grieg mwaka jana. Alituambia tusikie mfalme wa milimani na majitu yake wanavyomfukuza Peer Gynt, jinsi mwendo unavyozidi na sauti zinavyopanda hata mwisho kunatokea kishindo. Tulipiga makofi. Hakuna aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya majitu.

Maneno ya nyimbo za Emperor siyapendi. Nitasema wazi. Yamejaa kiburi, usiku, na Kiingereza cha kale kilichovimba, ambacho hata kamusi kubwa ya maktaba inashindwa nacho. Kijana wa miaka 21 anayejiita mfalme wa giza anachekesha kidogo, kama yule kiranja wetu wa zamani aliyekuwa akitembea na fimbo hata siku za likizo. Lakini kuna tofauti kati ya maneno mabaya na muziki mbaya, na kuna tofauti tena kati ya muziki unaotisha na muziki unaopotosha. Zaburi ya 88 inaishia gizani. Haina mstari wa kufariji mwishoni kama zaburi nyingine. Wimbo wa zamani wa misa ya wafu juu ya siku ya hasira ulitungwa ili watu watetemeke. Mchoraji Gustave Doré alichora Mauti juu ya farasi wake kwa ajili ya Biblia, na picha hiyohiyo wale vijana wa Emperor waliiweka juu ya sahani yao ndogo ya 1993. Picha za Doré ziko katika kitabu kikubwa cha maktaba yetu, rafu ya juu, karibu na dirisha. Je, tukakitupe nacho jikoni?

Najua jibu litakalotolewa: Biblia inatisha ili kuokoa, na wale wanatisha ili kuangamiza. Ni jibu zuri. Lakini tuliweke mbele ya mambo tuliyoyaona sisi wenyewe katika nchi zetu hizi mbili. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba yao ya ibada. Watu wale hawakuwa wakisikiliza magitaa. Walikuwa wakiimba tenzi, wakifunga, wakishika Amri Kumi kwa ukali kuliko mtu yeyote katika shule hii. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto. Waliolichoma hawakuwa na santuri yoyote mikononi. Ilikuwa ni hasira ya uchaguzi. Wazee wa hapa wanakumbuka yaliyofuata: maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba wakiwa na magodoro vichwani, na wengine wakapokewa Mulanda, katika wilaya hii ya Tororo. Katika shule hii kuna wenzetu ambao mama zao walilala Mulanda.

Sisemi kwamba muziki hauwezi kumchochea mtu. Ngoma ilipelekea watu vitani kabla ya babu zetu kuzaliwa. Nasema tu kwamba, kwa huku kwetu, anayetaka kujua moto unatoka wapi asiishie kutafuta katika flashi.

Na jambo hili si jipya. Mwaka 1994 Rais Moi wa Kenya aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti wake akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na taarifa yake ilifikishwa bungeni mwaka 1999. Shule zilitajwa sana. Mjomba wangu alikuwa bweni wakati huo upande wa pili wa mpaka, na anasimulia kwamba baada ya habari zile kila mwanafunzi mwenye pete, kaseti ya roki au tabia ya kukaa peke yake alitazamwa kwa jicho la pembeni. Mvulana mmoja wa darasa lao, mkimya tu, mpenda hesabu, alihamishwa shule kwa sababu ya uvumi. Mashetani hawakupatikana. Mpenda hesabu naye hakurudi.

Tena tukumbuke ngoma. Katika misioni nyingi za zamani ngoma ilikatazwa kanisani na nje ya kanisa. Iliitwa ya kipagani, ikasemwa kwamba inaamsha pepo. Wazee wa Teso waliacha akogo nyumbani wakaja kujifunza harmoniamu. Kisha mwaka 1958, huko Kamina katika Kongo, Padre Guido Haazen na wanakwaya wake wakaimba Missa Luba kwa ngoma, na dunia nzima ikasikiliza. Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano ukasema wazi kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Mwaka 1964, Papa Paulo VI alipowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, Joseph Kyagambiddwa alikuwa amekwisha watungia oratorio ya Kiafrika. Mwezi Mei kila mwaka tunawaona mahujaji wa Kenya wakipita hapa kwa miguu, wakipiga ngoma njia nzima kwenda Namugongo, mahali ambapo mashahidi walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Hakuna anayewaambia wanaamsha pepo.

Je, nataka kusema kwamba siku moja Emperor watapigwa kanisani? La hasha! Nacheka nikifikiri jambo hilo. Nataka kusema tu kwamba sikio la mwenye mamlaka limekosea mara nyingi juu ya ngoma, na kwa hiyo lingefaa kwenda polepole.

Sasa nije kwa jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Wenzetu wengi, hata wale wanaomtetea kijana yule, husema: "Muziki huo ni wa Wazungu, unatuhusu nini?" Hawajui kwamba umekwisha pita mlangoni mwetu. Mwaka 2019 vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walikwenda Kampala wakakaa huko wakipiga santuri. Bendi yao iliitwa Duma. Kuna mtoto wa kidato cha kwanza aliyeniuliza kama ni yule mnyama mwenye mbio. Sivyo. Ni neno la Kikikuyu, maana yake giza, ingawa kwa mbio zake mnyama naye angestahili. Santuri ikatoka Agosti 2020, na wimbo wake mmoja umetajwa Uganda jinalo. Kwenda Kampala kwa barabara kutoka Nairobi ni kupita Busia au kupita Malaba, hakuna njia kuu ya tatu. Kwa hiyo hapa ndipo njia ya muziki huo, kama ilivyo njia ya saruji ya Tororo na mitumba na mayai.

Kampuni iliyoitoa ni ya Kampala, nayo inaitwa Nyege Nyege Tapes. Najua wasomaji wa pwani wataona haya, na Bwana Mhariri atafikiri mara mbili. Jina hilo asili yake ni Kiganda, ekinyegenyege, maana yake hamu ya kucheza inayomshika mtu asiweze kuizuia. Kwa Kiswahili ni neno jingine kabisa, nami sitalieleza. Mpaka wa lugha una hatari kuliko mpaka wa Malaba, maana hauna ofisi ya forodha ya kukagua mzigo. Watu walewale huandaa tamasha kubwa Jinja, na mwaka 2018 Padre Simon Lokodo, aliyekuwa Waziri wa Maadili, alitangaza kulipiga marufuku. Siku chache baadaye likaruhusiwa. Mwaka 2022 bunge nalo likataka kulizuia, serikali ikaliruhusu kwa masharti. Nasikia huko kuna ulevi, nami naamini. Hata harusi za kijijini kwetu zina ulevi.

Duma hawafanani na Emperor kwa kila jambo. Hawana kinanda cha kifalme wala fidla. Ngoma zao zinatoka katika mashine, kali na za kukatika katika, na mayowe ya Khanja yanatoka kooni mahali ambapo sikujua kuna sauti. Lakini damu ni moja. Na mwaka 2024 Khanja, ambaye jina lake la jukwaani ni Lord Spikeheart, alitoa santuri yake mwenyewe, The Adept, ambayo naihesabu kuwa ya pili baada ya ile ya Duma. Aliitoa kwa kampuni aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu, jina ambalo msemaji wa Kiswahili hawezi kulisikia bila kukumbuka hekalu. Wimbo mmoja umetajwa Patmo, kisiwa cha Mtakatifu Yohane. Na santuri yote ameitoa kwa heshima ya nyanya wa mzazi wake, Muthoni wa Kirima.

Hapo ndipo nilipovua kofia. Muthoni wa Kirima ndiye mwanamke aliyepata cheo cha Field Marshal katika jeshi la Mau Mau. Alikaa msituni mpaka uhuru wa 1963, na nywele zake alizozifuga msituni hakuzikata mpaka Aprili 2022, akiwa bibi kizee. Alifariki Septemba 2023. (Katika shule hii asingeruhusiwa hata kuingia darasani na nywele zile, lakini hiyo ni barua nyingine.) Nikafikiri: mtoto wa mjukuu wa mwanamke yule anataka kusema habari za msitu, za mabomu yaliyotupwa juu ya miti, za watu waliozikwa bila majina. Aseme kwa muziki gani? Kwa rumba? Rumba ni nzuri kwa mapenzi na kwa Jumamosi. Yako mambo ambayo ukiyaimba kwa utamu umeyasema uongo.

Sisi watu wa hapa tunalijua jambo hili. Mtu akifa kwa Waluhya, mama haanzi kwa wimbo mtamu. Hupiga yowe linalosikika mpaka ng'ambo ya mto, na hakuna mtu mwenye akili anayemwambia apunguze sauti. Kisha ngoma huja. Isukuti ya ndugu zetu wa Isukha na Idakho, ambayo UNESCO waliiandika mwaka 2014 katika orodha ya mali za dunia zinazohitaji kulindwa haraka, hupigwa matangani kwa nguvu ambayo mgeni angedhani ni vita. Nilipomsikia Lord Spikeheart mara ya kwanza sikumkumbuka Shetani. Nilikumbuka alfajiri alipokufa babu yangu huko Samia, na shangazi aliyetoka nje akiwa hana viatu.

Kwa hiyo natofautiana na pande zote mbili. Natofautiana na uongozi, ambao umehukumu kwa dakika tatu. Natofautiana pia na kikundi cha kidato cha tano wanaochora misalaba iliyopinduliwa juu ya madaftari yao tangu mwenzao aondoke. Hao wanarudia mchezo wa Norwei wa miaka zaidi ya thelathini iliyopita, tena sehemu yake mbaya kabisa, na nusu yao hawajasikia hata wimbo mmoja mpaka mwisho. Mmoja wao aliniambia anaipenda bendi ile kwa sababu "walichoma." Nilimwuliza kama anajua mama wa kijana wa kitanda cha jirani yake alilala wapi mwaka 2008, na kwa nini. Hakujibu.

Ndugu wasomaji watauliza nataka nini. Nataka mambo machache, nayo yanawezekana. Mwenzetu arudi sasa, asingoje wiki ya pili iishe, maana mitihani ya mwisho wa muhula inaanza Jumatano ijayo, na atakayekosa karatasi ya kwanza ya fizikia hana nafasi ya kurudia. Kosa lake liandikwe upya: alikuwa na flashi bila ruhusa, kosa ambalo adhabu yake imo katika kanuni za shule, nayo ni kufyeka nyasi siku tatu. Afyeke. Lakini neno "kishetani" litolewe katika faili lake, kwa sababu faili litamfuata mahali atakapoomba kazi au chuo, na msomaji wa mbali hatajua kwamba ushahidi ulikuwa dakika tatu za ngoma.

Tena naomba chumba cha muziki kifunguliwe Jumamosi moja saa tisa alasiri, Padre Mkuu akiwapo, pamoja na mwalimu wa muziki na mwalimu wa dini. Tupige wimbo mmoja wa Grieg, wimbo mmoja wa Emperor, wimbo mmoja wa The Adept, na isukuti mwishoni, maana tunao wapigaji watatu hodari katika bweni la chini. Kila atakayetaka kusema aseme. Wanafunzi wa zamani walio karibu wakaribishwe. Nasikia wako wawili mjini Tororo waliokuwa na bendi ya magitaa siku zao, na kwamba nao waliwahi kunyang'anywa kitu. Kama baada ya kusikiliza Padre Mkuu ataona bado santuri hii haifai kwa vijana, nitatii, nami sitakuwa na neno la kuandika tena, kwa kuwa atakuwa amesikiliza.

Jambo la mwisho ni la haraka. Katika flashi ile iliyochomwa hamkuwa na Emperor peke yao. Mlikuwa na nyimbo 14 za kwaya ya parokia ya Busia, ambazo mwenzetu mwenyewe alizirekodi Pasaka, na mlikuwa na maelezo yake yote ya fizikia na kemia ya muhula huu aliyoyapiga picha daftari kwa daftari. Nyimbo za kwaya zitaimbwa tena. Maelezo ya fizikia ninayo ya kwangu ya mwaka jana, na nimekwisha yatuma Busia kwa mtu wa bodaboda. Kemia yangu haisomeki. Mwenye mwandiko mzuri na aje kitanda cha pili kutoka mlangoni, bweni la juu, kabla ya Ijumaa jioni.